Kibindo cha Kichakataji: Istilahi, Ukubwa na Thamani ya Kompyuta Nafuu ya Michezo katika Miji ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano baina ya ukubwa wa kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kichakataji na thamani ya kompyuta ya bei nafuu inayonunuliwa kwa ajili ya michezo. Mazingira yanayozingatiwa ni miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako kompyuta nyingi za bei ya chini ni za mtumba na hutambulishwa kwa jina la familia ya kichakataji tu. Makala yanadai mambo mawili. Kwanza, ukubwa wa kumbukumbu hiyo huongeza thamani pale tu vichakataji vinavyolinganishwa ni vya kizazi kimoja na kadi ya michoro ina uwezo wa kutosha. Pili, mnunuzi hawezi kuutumia ukweli huo ikiwa hana neno la kuuliza. Istilahi “kibindo” inapendekezwa, pamoja na lebo ya Kiswahili yenye taarifa tano.

Maneno muhimu: istilahi, kichakataji, kibindo, kompyuta za mtumba, haki za mlaji

1.0 Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa nafasi hiyo na kuelekeza kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo mjadala umejikita zaidi katika walimu, vitabu na mitihani. Mahali pengine ambapo lugha rasmi hupimwa kila siku, yaani dukani, hapajapewa uzito unaostahili. Lugha ambayo mwananchi hawezi kuitumia kuuliza ubora wa kitu anachokilipia itabaki kuwa lugha ya daftari.

Jinja na Mbale ni mahali pafaapo kuliangalia suala hili. Miji hii ilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 2020. Jinja ipo kwenye chanzo cha Mto Nile, kando ya barabara kuu itokayo mpakani Malaba kuelekea Kampala. Mbale ipo chini ya Mlima Elgon, na msafiri atokaye mpakani huifikia kupitia Tororo. Jinja husikika zaidi Lusoga na Mbale Lumasaaba, huku Luganda na Kiingereza vikitumika katika biashara na ofisi. Kiswahili nacho kina mizizi yake hapa kupitia kambi za jeshi, polisi, madereva wa malori na wafanyabiashara wa mpakani.

Kwa kijana wa miji hii, na hasa mwanafunzi wa chuo, “kompyuta ya michezo” aghalabu haiwi mashine ya anasa. Ni kompyuta ileile itakayoandika ripoti, kuhariri video ya harusi na jioni kuchezesha mpira. Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, wengi huelekea kwenye kompyuta za mezani zilizowahi kutumika maofisini ng’ambo. Muuzaji huitambulisha kwa maneno machache: ni “Core i5”, ramu nane, diski mia tano. Mnunuzi husikia tarakimu tatu na kudhani amesikia yote. Taarifa mbili zinazoamua kwa kiasi kikubwa kama mchezo utaenda kwa utulivu au utakwamakwama, yaani kizazi cha kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu yake ya ndani, hazitajwi.

2.0 Umbali kati ya kichakataji na data

Kichakataji cha leo kinachopiga mapigo ya gigahezi 4 hutumia robo ya nanosekunde kwa kila pigo. Kumbukumbu kuu, ambayo wauzaji huiita ramu, haiwezi kwenda na mwendo huo. Ombi moja la data kutoka huko huchukua takriban nanosekunde 70 hadi 90, sawa na mapigo mia tatu hivi. Kama kichakataji kingelazimika kuisubiri kumbukumbu kuu kila mara, sehemu kubwa ya muda wake ingepotea bure.

Suluhisho la wahandisi ni kuweka ndani ya kichakataji chenyewe kumbukumbu ndogo zenye kasi, kwa kawaida katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ndogo mno, lakini hujibu kwa mapigo manne au matano. Ya pili ni kubwa kidogo na hujibu kwa mapigo kama kumi na mawili hadi kumi na manne. Ya tatu, ambayo kwa kawaida viini kadhaa huishiriki, hupimwa kwa megabaiti na hujibu kwa mapigo arobaini hadi hamsini. Data iliyotumika sasa hivi, pamoja na majirani wake, huwekwa humo kwa matarajio kwamba itahitajika tena punde.

Mfano wa sokoni unatosha kulieleza jambo hili. Muuza nyanya huweka chenji kwenye pindo la kanga kiunoni, fedha nyingine kwenye kopo chini ya meza, na mtaji wake benki. Mteja akidai chenji, mkono huenda kiunoni. Chenji ikikosekana huko, muuzaji huinama kwenye kopo. Asingethubutu kufunga biashara na kwenda benki kwa ajili ya shilingi mia tano. Faida ya pindo hilo haitokani na wingi wa fedha zake bali na ukaribu wake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

3.0 Kwa nini “kibindo”?

Historia ya jina la Kiingereza ina funzo kwa wanaistilahi. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alichapisha makala fupi kuhusu wazo hili na kuiita kumbukumbu hiyo “mtumwa”. IBM ilipoitangaza kompyuta yake ya System/360 Model 85 mwaka 1968, wahandisi wake walikuwa wakitumia maelezo marefu yenye maana ya kingojeo chenye kasi. Ni katika jarida la kampuni hiyo ambapo neno “cache” lilichaguliwa. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuficha. Kabla ya hapo neno lilitumiwa na wawindaji wa Amerika ya Kaskazini kwa shimo la kufichia chakula njiani. Istilahi hiyo basi haikuzaliwa maabarani. Iliazimwa kutoka kwa watu waliojua umuhimu wa kuwa na kitu karibu pale kinapohitajika.

Kiswahili kina njia tatu. Ya kwanza ni kutohoa na kusema “kache”. Tohozi hili ni fupi, lakini halimwelezi chochote asiyejua Kiingereza. Ya pili ni “akiba”, ambayo tayari imeenea katika matoleo ya Kiswahili ya programu za simu na vivinjari, ambako mtumiaji huelekezwa “kufuta akiba na vidakuzi”. Ya tatu ni “kibindo”, yaani lile pindo la nguo kiunoni linalofutikwa fedha.

“Akiba” inafaa katika vivinjari, kwa sababu data inayohusika hukaa kwenye diski kwa siku au wiki. Kwa kumbukumbu ya ndani ya kichakataji neno hilo linapotosha. Akiba haiozi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyosifiwa. Yaliyomo kwenye kumbukumbu hii, kinyume chake, hubadilishwa mara nyingi ndani ya sekunde moja na hupotea kabisa umeme unapokatika. Mnunuzi anayeambiwa kwamba kompyuta ina “akiba ya megabaiti 6” ana haki ya kuuliza ni picha ngapi zitaingia humo, na ana haki ya kuona kwamba kiasi hicho ni kichekesho kikilinganishwa na diski.

“Kibindo” hubeba sifa zote tatu zinazohitajika: udogo, ukaribu na matumizi ya papo kwa papo. Neno ni hai. Waandishi wa habari za michezo hulitumia kila wiki wanaposema timu imetia kibindoni pointi tatu. Ngeli yake haisumbui, na huunda virai kwa urahisi: kibindo cha ngazi ya kwanza, kibindo cha pamoja, kukosa kibindoni.

Inaweza kudaiwa kwamba neno hili ni la pwani na halifahamiki Jinja. Hoja hiyo ina ukweli, lakini “cache” nayo haifahamiki huko. Tofauti ni kwamba “kibindo” kinaweza kuonyeshwa kwa mkono katika soko lolote la Uganda, na aliyeonyeshwa mara moja hahitaji fasili ya pili. Inaweza pia kudaiwa kwamba kutenganisha “akiba” na “kibindo” kunavunja umoja wa dhana iliyo moja katika Kiingereza. Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyo wa lugha nyingine pale kinapoweza kuuepuka.

4.0 Namna ukubwa wa kibindo unavyoathiri mchezo

Ili picha ionekane ikitiririka kwa fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 za kukamilisha kila fremu. Katika muda huo kichakataji hukokotoa mahali alipo kila mchezaji, mwelekeo wa mpira, migongano na maagizo ya kupeleka kwa kadi ya michoro. Data za vitu hivyo zimetawanyika kumbukumbuni na mpangilio wa kuziita hautabiriki kirahisi. Hapa ndipo michezo inapotofautiana na kazi kama kubana video, ambayo husoma data kwa mfululizo na hutegemea zaidi idadi ya viini.

Hesabu ndogo ya kielelezo itafafanua. Tuchukulie kwamba kibindo cha ngazi ya tatu hujibu kwa nanosekunde 10, na safari ya kwenda kumbukumbu kuu huongeza 80. Ikiwa maombi 40 kati ya 100 yanakosa kibindoni, wastani wa kusubiri ni 10 jumlisha asilimia 40 ya 80, yaani nanosekunde 42. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wahandisi husema kwamba kuongeza ukubwa wa kibindo maradufu hupunguza ukosaji kwa kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2. Hivyo ukosaji hushuka hadi kama 28, na wastani kuwa nanosekunde 32 na kitu. Ukiongezwa maradufu tena, ukosaji hufikia 20 na wastani 26. Hatua ya kwanza imeokoa karibu nanosekunde 10, ya pili 6 tu. Faida ipo, lakini hupungua kila hatua, wakati gharama ya eneo la silikoni haipungui.

Historia ya kompyuta nafuu inathibitisha pande zote mbili za hoja. Aprili 1998 Intel ilitoa Celeron ya megahezi 266 isiyo na kibindo chochote cha ngazi ya pili ili kupunguza bei. Utendaji wake uliwakatisha tamaa wanunuzi. Agosti mwaka huohuo ilitoka Celeron 300A yenye kilobaiti 128 ndani ya kichakataji chenyewe, nayo ikawa kipenzi cha wachezaji wenye kipato kidogo. Pentium II ya wakati huo ilikuwa na kilobaiti 512, lakini kibindo chake kilikwenda kwa nusu ya kasi ya kichakataji. Kibindo kidogo kilicho karibu na chepesi kiliweza kukaribiana na kikubwa kilicho mbali.

Ushahidi wa karibuni unafanana na huo. Ryzen 3 3100 na Ryzen 3 3300X za mwaka 2020 zote zina viini vinne na megabaiti 16. Katika ya kwanza, kibindo kimegawanywa nusu mbili za megabaiti 8, kila moja ikihudumia viini viwili. Katika ya pili, viini vyote vinne vinashiriki megabaiti 16 nzima. Katika michezo, 3300X huiacha nyuma 3100 ingawa tarakimu ya kibindo ni ileile. Naye mnunuzi wa Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 alipata kichakataji chenye mapigo ya chini kuliko ndugu yake 5800X, lakini chenye kibindo cha megabaiti 96 badala ya 32, na michezo mingi ikaenda kasi zaidi.

5.0 Jina na tarakimu sokoni

Jedwali la 1 linaonyesha vichakataji vinane. Vinne vya kwanza ni vya aina inayopatikana katika kompyuta za mtumba, na vinne vya mwisho ni vya kizazi cha karibuni.

Jedwali la 1: Kibindo cha ngazi ya tatu katika vichakataji teule

| Kichakataji | Mwaka | Viini | Kibindo (megabaiti) |
|---|---|---|---|
| Core i7-6500U (ya mpakato) | 2015 | 2 | 4 |
| Core i5-6500 | 2015 | 4 | 6 |
| Core i5-7400 | 2017 | 4 | 6 |
| Core i3-8100 | 2017 | 4 | 6 |
| Core i3-12100F | 2022 | 4 | 12 |
| Ryzen 5 5500 | 2022 | 6 | 16 |
| Ryzen 5 5600 | 2022 | 6 | 32 |
| Ryzen 7 5800X3D | 2022 | 8 | 96 |

Mambo matatu yanajitokeza. La kwanza, jina la familia halitoshi kuwa kipimo. Kompyuta mpakato yenye kibandiko cha “i7” katika mstari wa kwanza ina nusu ya viini na theluthi mbili za kibindo cha kompyuta ya mezani yenye kibandiko cha “i5” ya mwaka huohuo. Anayeongeza fedha ili apate “i7” katika hali hii ananunua herufi na tarakimu moja.

La pili, jina dogo laweza kuficha kitu sawa. Core i5-7400 na Core i3-8100 zilitoka mwaka mmoja, zina viini vinne na kibindo cha megabaiti 6 kila moja, na ya pili ina mapigo ya juu zaidi. Muuzaji anayeshikilia kwamba “i3 ni ya ofisi, i5 ni ya michezo” anasimulia mpangilio wa miaka ya nyuma.

La tatu, tofauti ya kweli ya kibindo huonekana katika kulinganisha 5500 na 5600. Zote zina viini sita vya usanifu mmoja, na tofauti ya kasi ya juu kabisa, gigahezi 4.2 dhidi ya 4.4, haifiki asilimia 5. Kibindo kinatofautiana maradufu. Penye kadi nzuri ya michoro, pengo la fremu katika michezo mingi huzidi pengo hilo la kasi. Hapa mnunuzi mwenye taarifa anaweza kujiuliza swali sahihi: je, nyongeza ya bei inalingana na nyongeza ya fremu?

Tahadhari moja ya kilugha inahitajika. Tangu 2019 AMD imekuwa ikijumlisha vibindo vya ngazi ya pili na ya tatu katika matangazo yake, hivyo 5600 huandikwa megabaiti 35 badala ya 32. Si uongo, lakini anayelinganisha jumla hiyo na tarakimu ya ngazi ya tatu pekee ya kampuni nyingine atakuwa anapima kwa vibaba viwili tofauti.

6.0 Mipaka ya hoja

Kibindo kikubwa hakiwezi kuokoa kompyuta iliyokwama kwingine. Ikiwa kadi ya michoro inahitaji milisekunde 30 kuchora fremu moja, kichakataji kitamaliza kazi yake mapema na kusubiri, kiwe na megabaiti 6 au 96. Kwa kompyuta ya mtumba isiyo na kadi ya michoro, fedha za kwanza ziende kwenye kadi, baada ya kuhakikisha kwamba kifaa cha kugawa umeme ndani ya kasha kinaimudu.

Kumbukumbu kuu nayo ina mpangilio wake. Vipande viwili vya gigabaiti 4 vilivyowekwa kwenye njia mbili hupitisha data maradufu ya kipande kimoja cha gigabaiti 8. Kompyuta inayotumia michoro iliyojengwa ndani ya kichakataji hufaidika sana na badiliko hili, ambalo gharama yake ni ndogo. Kwa msingi huohuo, anayenunua kompyuta mpya bila uwezo wa kuongeza kadi anaweza kuchagua Ryzen 5 5600G yenye kibindo cha megabaiti 16 na michoro ya ndani, badala ya 5600 yenye megabaiti 32 ambayo haiwezi kuonyesha picha bila kadi. Kibindo kidogo hapa ndicho chenye thamani kubwa.

Kwa ufupi, mpangilio wa busara kwa bajeti finyu ni huu: kadi ya michoro, njia mbili za kumbukumbu kuu, kizazi cha kichakataji, kisha kibindo baina ya vichakataji vya kizazi hicho. Kibindo hakiongozi orodha, lakini ndicho kinachoamua pale mengine yanapolingana. Katika soko la mtumba mengine hulingana mara nyingi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba thamani ya kibindo hutegemea ukubwa, mpangilio na uwiano wake na sehemu nyingine za kompyuta. Yameonyesha pia kwamba maarifa hayo hayamfikii mnunuzi kwa sababu hayana jina katika lugha anayoweza kujadiliana nayo bei. Hasara si ya mchezaji peke yake. Shule inayotoa zabuni ya kompyuta kwa kuandika “Core i5” bila kingine chochote inamruhusu mzabuni kuleta mashine ya mwaka 2011 au ya mwaka 2022, na zote zikawa zimetimiza masharti. Mapendekezo manne yanatolewa:

(i) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, isanifishe “kibindo” kwa kumbukumbu ya ndani ya kichakataji na kuiachia “akiba” dhana ya data ya vivinjari na programu.

(ii) Shirika la Viwango la Taifa la Uganda liandae lebo ya hiari kwa kompyuta za mtumba, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye taarifa tano: jina kamili la kichakataji pamoja na tarakimu zake zote, mwaka wa kutoka, idadi ya viini, kibindo cha ngazi ya tatu, na mpangilio wa kumbukumbu kuu. Jinja na Mbale zinafaa kwa majaribio, kwa kuwa bidhaa zipitazo Malaba huzifikia miji hii kabla ya Kampala.

(iii) Zabuni za umma za kompyuta zitaje taarifa hizohizo tano badala ya jina la familia ya kichakataji.

(iv) Waandaaji wa vitabu vya Kiswahili kwa shule za sekondari waingize mada ya kununua kifaa cha kielektroniki. Mwanafunzi ajifunze kuuliza kwa Kiswahili fasaha, “Kibindo chake ni megabaiti ngapi, na ni cha mwaka gani?”

Swali hilo ni fupi, na muuzaji yeyote mwenye kompyuta iliyowashwa anaweza kulijibu mbele ya mteja. Likizoeleka Jinja na Mbale, bei zitaanza kufuata kilichomo ndani ya kasha badala ya kibandiko kilicho juu yake.